Ndugu Wanapokuja Kukutembelea Majira ya Baridi: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari na Malazi

Ndugu wakitangaza kwamba wanakuja, kila mtu hukimbilia bei ya tikiti. Kwa safari ya majira ya baridi, anza kwa kujiuliza ni nani kati ya wageni hao ataumizwa zaidi na baridi. Huenda ni bibi mwenye goti bovu, mtoto mchanga, au kaka mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mpango mzima ufuate mwili wa mtu huyo: mwezi wa kuja, saa ya kutua, ghorofa ya kulala, na urefu wa kila matembezi. Ukimpangia kijana mwenye nguvu, mzee ataishiwa nguvu siku ya pili. Ukimpangia mzee, kijana atajiongezea mizunguko yake mwenyewe bila msaada wako.

Wewe unayeishi kwenye mji wenye baridi una kitu ambacho hakuna tovuti itakayowapa: unawajua wao, na unaujua mji unavyokuwa saa kumi na moja jioni giza likiwa limeshaingia.

Hatua ya kwanza: piga simu, uliza, andika

Usipange haya kwa ujumbe wa kikundi. Piga simu, kaa nao nusu saa, uandike majibu. Nani hasa anakuja, na jina lake limeandikwaje kwenye pasipoti? Pasipoti inaisha lini? Nani anatumia dawa kila siku? Nani hawezi ngazi? Nani huamka usiku kwenda msalani? Kuna aliyewahi kuishi kwenye baridi, au ni mara ya kwanza kwa wote?

Kisha uliza wanakuja kwa ajili ya nini. Mama anayekuja kumwona mjukuu na binamu anayekuja kuuona mji wanahitaji mipango miwili tofauti, hata kama wanapanda ndege moja. Kwa mama, siku saba za kukaa sebuleni na kutoka mara moja kwa siku ni safari iliyofanikiwa. Binamu atahitaji kadi ya usafiri wa umma na uhuru.

Siku hiyohiyo, zungumzieni fedha kwa tarakimu: nani analipa tikiti, nani analipa malazi, nani atanunua nguo za baridi, nani atalipa bima. Ni mazungumzo mazito, hasa na wakubwa wako, lakini yakiahirishwa hugeuka manung'uniko wageni wakiwa tayari ndani ya nyumba. Mkubwa mmoja kwenye familia akiwa msemaji, mambo huenda vizuri zaidi.

Hatua ya pili: chagua mwezi

Watu hudhani Desemba ndiyo kilele cha baridi. Katika miji mingi ya kaskazini, Januari na Februari huwa baridi zaidi, kwa sababu ardhi na bahari hupoteza polepole joto lililohifadhiwa tangu kiangazi. Kinachofikia kilele Desemba ni giza. Karibu na tarehe 21 Desemba, London hupata mwanga wa jua kwa muda unaopungua kidogo saa nane, na jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Helsinki hupata pungufu ya saa sita. Toronto, ingawa ina baridi kali kuliko London, hupata karibu saa tisa. Mgeni aliyezoea mchana wa saa kumi na mbili hushtushwa na giza hilo pengine kuliko baridi yenyewe, na ni vizuri umwambie mapema.

Mwisho wa Desemba una taa, mapambo na familia kukusanyika, lakini pia una nauli za juu, hoteli zilizojaa na siku ambazo mji hufungwa. London, kwa mfano, tarehe 25 Desemba haina mabasi ya umma wala treni za chini ya ardhi. Mgeni akitua siku hiyo, mpangie gari kabla. Katikati ya Januari hadi Februari mambo hutulia, nauli na vyumba hushuka katika miji mingi, na mchana huanza kurefuka. Kama mzee hajali sikukuu, mimi huchagua mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa miji ya China, angalia mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari: siku hizo treni na ndege hujaa kupita kiasi. Na kusini mwa ikweta hesabu hugeuka, majira ya baridi ya Melbourne au Buenos Aires ni Juni hadi Agosti.

Hatua ya tatu: viza na karatasi

Hapa ndipo safari nyingi hufia, kwa hiyo anza mapema. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Uamuzi huchukua kawaida siku 15, na unaweza kufika 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iendelee kuwa halali angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka eneo hilo. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Mgeni anayetembelea zaidi ya nchi moja huomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Uingereza huruhusu kuomba miezi 3 kabla, na mgeni wa kawaida hukaa hadi miezi 6. Canada ina viza maalumu ya wazazi na mababu wa wakazi wake, inayoruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa kila kuingia. Kama mama yako anatarajia kukaa muda mrefu, soma masharti yake kabla hajaomba viza ya kawaida. Kwa Marekani, ulizia kwanza foleni ya usaili kwenye ubalozi husika, maana ndiyo itakayokuamulia tarehe.

Andika barua ya mwaliko fupi na ya kweli: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, uhusiano wenu, tarehe za kuja na kuondoka, anwani, nani anagharamia nini, na hadhi yako ya ukaazi. Ambatanisha nakala ya kibali chako, mkataba wa nyumba, na cheti kinachoonyesha undugu. Nchi nyingine zina hati yao rasmi. Ufaransa, mwenyeji anayelaza mgeni nyumbani huiomba hati hiyo kwenye ofisi ya meya. Ujerumani, anayegharamia mgeni husaini ahadi rasmi kwenye ofisi ya masuala ya wageni. Barua ya kawaida haichukui nafasi yake.

Upande wa mgeni, ofisa anatafuta sababu za kurudi: barua ya mwajiri inayotaja likizo, leseni ya biashara, watoto walioko shuleni, hati ya nyumba. Taarifa ya benki ionyeshe mwendo wa kawaida wa fedha. Kiasi kikubwa kilichoingizwa wiki moja kabla ya maombi huzua maswali, hata kama ni fedha halali uliyomtumia wewe. Ukimtumia, eleza kwenye barua. Na tarehe ziwe zilezile kwenye fomu, barua, bima na nafasi ya chumba.

Mpaka viza itoke, usilipe chochote kisichorudishwa. Kama ndege inapitia nchi nyingine, angalia pia kama pasipoti hiyo inahitaji viza ya kupita uwanjani. Watu huzuiwa kupanda ndege kwa jambo hili huku viza ya mwisho wa safari wakiwa nayo mkononi.

Hatua ya nne: walale wapi?

Chukua muda hapa kuliko sehemu nyingine yoyote. Majira ya joto, chumba ni mahali pa kulala tu. Majira ya baridi, mgeni atatumia humo zaidi ya nusu ya siku, akiwa macho.

Anza na nyumba yako. Je, mkataba wako wa upangaji unaruhusu wageni wa muda mrefu? Kuna mlango unaofungwa kati ya mgeni na familia? Mzee anayelala kwenye kochi la sebule hulala pale tu wengine wanapomaliza kuangalia televisheni, na hatalalamika. Kama una chumba kimoja, kubaliana na wewe mwenyewe mapema kwamba mgeni analala chumbani na wewe sebuleni. La sivyo, tafuta malazi umbali wa kutembea kutoka kwako. Kati ya chumba kizuri katikati ya mji na chumba cha kawaida mtaani kwako, mpe mzee cha mtaani kwako. Atakuona kila siku bila kusafiri gizani.

Hoteli ina faida tatu: kuna mtu mapokezi usiku, joto limeshawashwa, na njia ya kuingilia husafishwa theluji. Nyumba ya kupanga kwa muda mfupi ina jiko na nafasi, jambo jema kwa familia yenye watoto, ila hakikisha ni halali. New York, tangu Septemba 2023 sheria ya usajili imebana sana: kwa ukaaji usiofikia siku 30, mwenyeji lazima awepo ndani ya nyumba hiyo na wageni wasizidi wawili. London hairuhusu nyumba nzima kupangishwa kwa muda mfupi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali. Tangazo la nyumba nzima lenye bei ya kushangaza kwenye mji wenye sheria kama hizi laweza kufutwa wageni wakiwa angani.

Picha za matangazo mengi hupigwa kiangazi. Usizitegemee. Nenda kwenye maoni ya wageni waliolala humo Desemba, Januari na Februari, uyasome yote. Tafuta malalamiko ya baridi, maji ya moto kuisha, madirisha kupitisha upepo, unyevu ukutani. Maoni mawili ya Januari yanayotaja baridi yanatosha kuniondoa hapo.

Kisha mwandikie mwenye nyumba, upate majibu kwa maandishi. Joto linawashwa na nani, na je, mgeni anaweza kuliongeza mwenyewe saa tisa usiku? Majengo mengine huwasha joto kwa ratiba ya jengo zima, na usiku hupungua. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018 kuhusu nyumba na afya, lilitaja nyuzi 18 za Selsiasi kama kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba, na likasema wazee, watoto na wagonjwa wanaweza kuhitaji zaidi. Uliza kama gharama ya joto imo kwenye bei. Uliza kama kuna king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi, hasa pale joto linapotoka kwenye gesi au kuni. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Kamwe wageni wasiwashe jiko la gesi au la mkaa ili kupasha chumba joto.

Baada ya joto, ngazi. Lifti ipo? Inafanya kazi? Kuna ngazi za nje kabla ya kuifikia? Ngazi tano za mawe zilizoshika barafu ni hatari kuliko ghorofa mbili za ndani. Choo kiko ghorofa moja na kitanda? Bafu lina beseni refu la kurukia, au mgeni anaingia kwa kukanyaga sakafuni? Mahali pa kukaushia makoti na viatu pako wapi?

Umbali wa kituo upime kwa kutembea mwenyewe kama unaweza, saa ileile ya jioni ambayo wageni watakuwa wakirudi. Dakika kumi za kwenye ramani ni za mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida kwenye njia kavu. Kwa mzee na barafu, zihesabu ishirini. Kituo kina lifti au ngazi ndefu tu? Kwa familia yenye mzee, dakika tano kwenye ramani ndiyo mwisho wangu.

Kabla ya kulipa, tazama tarehe ya mwisho ya kughairi bila kukatwa na uhakikishe iko baada ya siku unayotarajia majibu ya viza. Ongeza ada ya usafi na kodi ya mji, ambayo miji mingi ya Ulaya huitoza kwa kila mtu kwa kila usiku. Na usikubali kamwe kulipa nje ya mfumo wa tovuti kwa ahadi ya punguzo. Matapeli hupenda majira ya sikukuu.

Hatua ya tano: ndege

Tafuta ndege inayotua asubuhi au adhuhuri. Mgeni ataona mji kwenye mwanga, na mkikwama bado mna siku mbele. Kama kuna kubadilisha ndege, vituo vyote viwe kwenye tikiti moja, muda wa kungoja uwe saa tatu au zaidi, na epuka ile ndege ya mwisho ya siku. Theluji ikisimamisha uwanja, wa ndege ya mwisho ndio hulala kwenye viti. Ndege inayoondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, au inayokwenda huko ikiwa ya shirika la Ulaya, ikichelewa sana au kufutwa, shirika linawajibika kuwapa abiria chakula na mahali pa kulala, hata kama chanzo ni theluji. Fidia ya fedha ndiyo inayoweza kukataliwa kwa sababu ya hali ya hewa. Mwandikie mgeni haki hii kwenye karatasi, kwa sababu hakuna atakayemtangazia.

Soma saa kwa makini pamoja nao. Ndege ya 00:30 tarehe 14 ina maana ya kwenda uwanjani usiku wa tarehe 13. Familia hukosa ndege kwa kosa hili kila mwaka.

Hatua ya sita: nguo na dawa

Waambie wasinunue makoti mazito huko waliko, isipokuwa mahali hapo kuna baridi kweli. Mara nyingi huuziwa vitu vizito visivyozuia upepo. Waombe kila mmoja akanyage karatasi, achore mguu wake na kukupigia picha rula ikiwa pembeni. Kwa vipimo hivyo utapata buti zenye nafasi ya soksi nene. Buti inayobana huzuia damu kufika vidoleni, na mguu hupoa haraka zaidi. Azima, omba marafiki, nunua mitumba safi. Nenda uwanjani na makoti mkononi, kwa sababu baridi ya kwanza wataikuta mlangoni.

Nguo zenyewe ni tabaka tatu: ya ndani inayogusa mwili, iwe ya sufu laini au kitambaa cha michezo na si ya pamba, maana pamba hushika jasho na kukupoza, ya kati ya kutunza joto, ya nje ya kuzuia upepo na maji. Upepo una nguvu kuliko wengi wanavyodhani: nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Kofia, skafu na glavu zinahitajika kila siku.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa. Insulini isigande kamwe, kwa hiyo isiwekwe kwenye sanduku la chini ya ndege wala kuachwa kwenye gari. Mwenye selimundu azungumze na daktari wake kabla hamjalipa chochote, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali. Mwenye pumu afunike mdomo na pua kwa skafu akiwa nje. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, kwa hiyo mwenye presha asiruke dozi, wala asijitolee kukuondolea theluji mlangoni hata akisisitiza. Chanjo ya mafua huchukua kama wiki mbili kuanza kukinga, hivyo ichomwe kabla ya safari. Bima nayo isomwe: ugonjwa aliokuwa nao mgeni tangu zamani umefunikwa, au la?

Jambo dogo la umeme: Marekani na Canada hutumia volti 120. Kifaa cha kupasha nywele cha volti 230 pekee hakitafanya kazi vizuri hata ukipata adapta.

Hatua ya saba: siku zenyewe

Siku mbili za mwanzo zisiwe na ratiba. Walale, wale, wazunguke mtaa mmoja mchana wakijifunza kutembea juu ya barafu: hatua fupi, magoti yaliyolegea kidogo, mikono nje ya mifuko.

Baada ya hapo, mpango wangu ni jambo moja la nje na moja la ndani kwa siku, la nje likiwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Makumbusho, maktaba na masoko ya ndani ndiyo makimbilio yenu. Angalia siku za kufungwa: Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, na makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu. Montreal na Toronto zina njia za chini ya ardhi zenye urefu wa kilomita zaidi ya 30, zinazounganisha vituo, maduka na ofisi, na mzee anaweza kuzunguka humo bila kugusa theluji. Popote mwendapo, ujue choo kilipo kabla hamjatoka. Baridi huongeza haja ya kukojoa, na wazee wengi huacha kunywa maji ili kuepuka aibu, kisha wanaumwa kichwa kutwa nzima.

Wazee wengi hawasemi kwamba wanasikia baridi. Watasema hawana njaa, au kwamba leo wabaki tu nyumbani. Kwa hiyo usiulize kama wako sawa. Uliza kama wanavihisi vidole vya miguu, shika mikono yao. Kidole kilichokufa ganzi na kupauka kiingizwe ndani na kupashwa joto taratibu, bila kusuguliwa na bila kuwekwa karibu na moto. Hisia zisiporudi, nendeni hospitali.

Ndani nako kuna kazi. Hewa iliyopashwa joto hukausha ngozi, midomo na pua. Mafuta mazito ya kupaka na maji ya kunywa viwe karibu na kitanda. Kila mgeni awe na karatasi yenye anwani yako na namba yako kwa lugha ya mji huo, kwa sababu betri ya simu huisha ghafla kwenye baridi. Simu ikae mfuko wa ndani wa koti.

Hatua ya nane: kuondoka

Wiki moja kabla, pimeni mizigo. Zawadi zitakuwa zimeongezeka, na makoti yana uzito. Mengi yanaweza kubaki kwako kwa ajili ya wageni watakaofuata. Wahame chumba saa iliyoandikwa kwenye mkataba, mpige picha za kila chumba kabla ya kurudisha funguo, na kama ndege ni ya usiku, omba mahali pa kuhifadhi mizigo badala ya kuizungusha mjini. Siku ya theluji, tokeni saa moja na nusu mapema kuliko kawaida: barabara huenda polepole, na ukifika mapema bado mtapata muda wa kukaa pamoja kabla ya ukaguzi. Mzee avae nguo nyepesi ndani ya koti, ili akitua atoe tabaka moja baada ya jingine, na dawa za siku mbili zaidi zibaki mkononi mwake.